Kotama, kisu kilichoinama

Jembe na mundu kila mtu anavijua. Kotama imebaki kwa wagema wa pwani, na kwa kamusi.

Ni kisu kipana chenye makali yaliyopinda. Mgema hupanda nacho mnazini asubuhi na jioni, kibuyu kikining'inia. Huko juu hapigi wala hachanji. Hulishika karara lililofungwa kamba, akaparuza kipande chembamba kwenye ncha, kidonda kipate kufunguka na utomvu uanze tena kudondoka. Akikata sana amelimaliza karara kabla ya wakati. Akikata kidogo, kibuyu kitashuka kikavu. Ndiyo maana mgema hunoa kila mara, na hapendi kotama yake ikatie watu kuni.

Na jina je? Anayekimbilia Kiarabu, kama tulivyozoea kwa maneno ya pwani, anahangaika bure. Sikiliza mwisho wake: inama, egama, chutama. Kiambishi hicho -ama ni cha Kibantu, na hupenda vitenzi vya mkao wa mwili. Nenda Zimbabwe: kwa Kishona, kotama ni kuinama. Kwa Kizulu, khothama ni kuinama kwa heshima. Kwetu kitenzi hakisikiki tena, lakini naona kisu kimelihifadhi neno, kwa sababu chenyewe kimeinama.

Msomaji asikichanganye na mundu, ambao ni wa nyasi na mpunga. Wingi wake, tafadhali, ni miundu. "Mamundu" ya redioni tuyaache.