Askari wanne walioikokotoa ishirini na moja

Mchezo wa karata wa 21, ambao kwenye kasino huitwa blackjack, una umri wa zaidi ya miaka 400. Mwandishi Mhispania Miguel de Cervantes aliutaja katika hadithi aliyoichapisha mwaka 1613, yenye vijana wawili matapeli waliojipatia riziki kwa kuwachezea watu karata kwa hila. Tayari wakati huo ree ilihesabiwa kuwa 1 au 11, kama inavyohesabiwa leo. Wafaransa nao wakaupenda, kisha ukavuka bahari hadi Marekani, na jimbo la Nevada lilipohalalisha kamari mwaka 1931 ukapata makao ya kudumu kwenye meza za kitambaa cha kijani.

Katika karne zote hizo watu walishinda, wakafilisika, wakatunga kanuni zao za bahati na kurithishana. Aliyejua kwa hakika namna bora ya kuucheza hakuwepo. Jibu lilikuja kutoka kambi ya jeshi huko Maryland, miaka ya 1950, kwa vijana wanne ambao hawakuwa wakamaria wa kazi.

Kabla ya kuwafikia vijana hao, msomaji asiyeujua mchezo huu anastahili maelezo. Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya namba zake. Ghulamu, malkia na mfalme kila mmoja ni 10. Ree ni 1 au 11, kwa namna itakayomfaa mwenye nayo. Unaweka dau, unapewa karata mbili, na mgawaji wa kasino anajipa mbili, moja ikiwa wazi na nyingine ikiwa imefunikwa. Unaruhusiwa kuongeza karata moja moja ili umzidi mgawaji, lakini jumla ikipita 21 umeshindwa. Ukipata ree pamoja na karata ya 10 kwenye karata mbili za mwanzo, hiyo ndiyo blackjack, na malipo yake ya jadi ni dau moja na nusu.

Mgawaji hana hiari. Akiwa na 16 au pungufu lazima aongeze karata, na kwa kanuni ya jadi akifika 17 lazima asimame. Mchezaji ana uhuru mwingi zaidi: asimame, aongeze, aongeze dau maradufu kwa karata moja tu zaidi, au akipewa karata mbili zinazolingana azitenganishe na kucheza mikono miwili. Kwa kutazama tu utadhani mchezaji ndiye aliyependelewa. Faida ya kasino imejificha mahali pamoja: mchezaji ndiye anayetangulia. Akipita 21 dau lake huchukuliwa papo hapo, na hata kama dakika moja baadaye mgawaji naye atapita 21, hakuna kurudishiwa. Mali yote ya kasino katika mchezo huu inatoka kwenye kutangulia huko.

Sasa twende Aberdeen, kituo cha jeshi la Marekani cha kufanyia majaribio ya silaha. Mwaka 1953 askari kijana aitwaye Roger Baldwin, mwenye shahada ya uzamili ya hisabati, alikuwa akicheza karata na wenzake bwenini. Mmoja wao akataja kwamba Las Vegas mgawaji hulazimika kusimama kwenye 17. Wengine waliendelea kucheza. Baldwin alikaa na neno hilo. Kama mgawaji hachagui chochote, basi mwenendo wake wote unaweza kukokotolewa; na ukijua atafika wapi kwa kila karata aliyoionyesha, unaweza kujua wewe ufanye nini kwa kila jumla uliyo nayo.

Akamtafuta Wilbert Cantey, Mmarekani mweusi aliyekuwa na ujuzi mzuri wa hesabu. Wakaongezeka Herbert Maisel na James McDermott. Naomba majina haya manne yasomwe taratibu, kwa sababu wachezaji wengi wanaotumia kazi yao hawajawahi kuyasikia. Vijana hawa walikaa na mashine za mezani za kukokotolea, zile za kujumlisha na kuzidisha kwa kubonyeza vitufe, wakafanya kazi jioni na mwishoni mwa juma kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Kompyuta hawakuwa nayo. Kila hali ilihesabiwa kwa mkono: mchezaji ana 12, mgawaji ameonyesha 5, kuna njia ngapi za kufika wapi. Kisha 12 kwa 6. Kisha 13 kwa 2. Subira ya namna hiyo, kwa jambo ambalo jeshi halikuwalipa hata senti kulifanya, ni ya kuheshimiwa.

Septemba 1956 makala yao ilitoka katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani. Mwaka uliofuata wakatoa kitabu kidogo kwa ajili ya watu wa kawaida. Waliyoyasema yaliwashangaza wazee wa meza za karata. Wachezaji wengi walikuwa na mojawapo ya desturi mbili. Wapo walioiga mgawaji, wakaongeza karata hadi 17. Hao hupoteza kama asilimia 5.5 ya kila wanachoweka. Wapo walioogopa kupita 21, wakasimama kila walipofika 12; hao hupoteza karibu asilimia 4. Askari wanne wakaonyesha kwamba anayecheza sawasawa hupoteza chini ya asilimia 1.

Na kucheza sawasawa maana yake ni kuitazama karata ya mgawaji kabla ya zako. Akionyesha 5 au 6 yuko pabaya, kwani mara 42 hivi katika kila 100 atapita 21. Basi wewe mwenye 12 simama, umwache ajiharibie. Akionyesha 7 au zaidi, uwezekano wa kufika 17 na kuendelea ni mkubwa, hivyo 16 yako haina thamani na inabidi uongeze hata kama moyo unakataa. Hapa ndipo wachezaji wengi hushindwa na hofu. Mwenye 16 mbele ya 10 ya mgawaji atapoteza mara nyingi kwa vyovyote vile. Hesabu inampa tu njia ya kupoteza pungufu kidogo kuliko ile nyingine, na kwa mwanadamu hiyo ni faraja ndogo. Nane mbili zitenganishe, maana 16 ndiyo jumla mbaya kuliko zote. Ree mbili pia zitenganishe. Kumi mbili usiziguse kamwe, umeshapata 20. Ukiwa na 11 na mgawaji ameonyesha karata dhaifu, ongeza dau maradufu.

Kuna jambo la bima ambalo lazima nilieleze, kwa kuwa linawavutia hata wenye akili. Mgawaji akionyesha ree, unaulizwa kama unataka kukata bima dhidi ya blackjack yake. Bima hiyo hulipa mbili kwa moja. Ili isiwe hasara, theluthi moja ya karata zilizobaki inatakiwa iwe na thamani ya 10. Katika pakiti moja, ukiiondoa ree uliyoiona, zimebaki karata 51, na za 10 ni 16. Theluthi ya 51 ni 17. Imepungua moja, na katika hiyo moja kasino inapata faida ya karibu asilimia 6 ya kila bima inayokatwa. Jina lake linasikika kama kinga, lakini ni dau jipya, tena baya kuliko lile la kwanza.

Hadi hapo kasino haikuwa na sababu ya kuhangaika. Asilimia ndogo bado ni faida. Aliyeigeuza hali alikuwa Edward Thorp, mwanahisabati aliyezaliwa Chicago mwaka 1932. Desemba 1958 alikwenda Las Vegas kupumzika na mkewe Vivian, akiwa na kikaratasi alichokiandika kutoka makala ya wale askari. Alianza na dola 10 za fedha na alipoondoka mezani alikuwa amepoteza 8.50. Lakini alirudi nyumbani na wazo zito. Askari walikuwa wamehesabu kana kwamba kila mkono unatoka kwenye pakiti nzima, ilhali mezani karata zilizokwisha kuchezwa hazirudi hadi zichangwe upya. Pakiti inayopungua hubadilika, na dau linaweza kubadilika nayo.

Thorp akamwandikia Baldwin kumwomba mahesabu ya asili. Baldwin hakuficha wala hakudai malipo. Akamtumia madaftari yao. Hapo ndipo moyo wangu unapowaelemea zaidi wale wanne, kwa kuwa katika historia ya kamari ni vigumu kuwapata watu wengine waliogawa siri yenye thamani kiasi hicho bure.

Akiwa chuo cha MIT, Thorp aliiingiza hesabu kwenye kompyuta ya IBM 704, mashine kubwa ya kujaza chumba. Ikamwonyesha kwamba karata ndogo zikitoka, hasa 5, mchezaji hufaidika. Nne za 5 zikiisha kwenye pakiti, faida ya mchezaji hufika zaidi ya asilimia 3. Pakiti iliyojaa ree na kumi huleta blackjack nyingi zaidi, na humlazimisha mgawaji aliyekwama kwenye 16 kuchukua karata itakayomvusha 21. Basi kanuni ni moja: pakiti ikiwa mbaya weka dau dogo, ikiwa nzuri weka kubwa. Kuhusu ukubwa wenyewe, alitumia fomula ya John Kelly wa maabara za Bell, iliyochapishwa 1956, ambayo kwa ufupi inasema weka sehemu ya mtaji inayolingana na faida uliyo nayo, na usipokuwa na faida usiweke kitu.

Claude Shannon, baba wa nadharia ya habari, ndiye aliyemsaidia kuchapisha matokeo hayo mwaka 1961. Mwaka huohuo, matajiri wawili wacheza kamari wakagharamia jaribio huko Nevada. Walikuwa tayari kutoa dola 100,000. Thorp, mtu wa tahadhari, akataka 10,000. Baada ya saa 30 hivi za kucheza walikuwa wamepata faida ya takriban dola 11,000. Kitabu chake, Beat the Dealer, kikatoka 1962 na kikauzwa kwa wingi mno.

Kasino zilishtuka. Aprili 1964 kasino za Las Vegas zilibadilisha sheria: kuongeza dau maradufu kukabanwa na kutenganisha ree kukakatazwa. Wateja wakaondoka mezani, na baada ya wiki chache tu sheria za zamani zikarudi. Ndipo wenye kasino wakatambua kwamba wengi walionunua kitabu hawakuwa na subira ya kukifuata, na kwamba umaarufu wake ulikuwa unawaletea wateja wapya. Wakachagua njia za polepole: pakiti nyingi zilizochanganywa katika kisanduku kimoja, kuchanga karata mapema, na kumwonyesha mlango yeyote aliyeonekana kuhesabu karata zilizochezwa.

Wahesabuji nao wakaungana. Al Francesco, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwapanga watu kwenye meza mbalimbali wakiweka madau madogo huku wakihesabu. Meza ikiiva, walimpa ishara tajiri wa bandia aje na dau kubwa. Mwanafunzi wake maarufu alikuwa Ken Uston, aliyeacha cheo kikubwa katika soko la hisa la Pasifiki akawa mcheza karata. Kasino moja ya Atlantic City ilipomfukuza, alikwenda mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikaamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumfungia mtu mlango kwa sababu tu anatumia akili yake. Nevada hadi leo kasino inaweza kukufukuza, ingawa kuhesabu kichwani si kosa la jinai. Kosa ni kutumia chombo cha kukusaidia, kwa sheria ya mwaka 1985. Vikundi vya wanafunzi wa MIT, vilivyoanza kupangwa kama biashara mwaka 1980 chini ya Bill Kaplan, viliendeleza mbinu ya Francesco kwa miaka mingi, hadi vikatungiwa filamu mwaka 2008.

Filamu hiyo na nyingine za namna yake zimewadanganya vijana wengi kuhusu kazi yenyewe. Mhesabuji stadi ana faida ya asilimia 1 hivi, anahitaji mtaji mkubwa wa kuvumilia vipindi virefu vya hasara, na atafukuzwa akianza kushinda. Asiyehesabu, hata akiufuata mkakati wa askari bila kosa, atapoteza taratibu. Kujua kucheza vizuri kunapunguza bei ya burudani, na hiyo tu. Anayekuuzia mbinu ya kupata riziki kwenye meza ya kasino, iwe Las Vegas, Nairobi au Dar es Salaam, mwulize kwa nini anauza badala ya kucheza.

Ushindi mkubwa wa kasino haukutokana na walinzi wala kamera. Mwanzoni mwa karne hii meza nyingi za Las Vegas zilianza kulipa blackjack dola 6 kwa kila 5, badala ya 3 kwa kila 2. Mwenye dau la dola 10 alikuwa akipata 15. Sasa anapata 12. Blackjack hutoka takriban mara moja katika kila mikono 21, kwa hiyo wengi hawakuliona pengo, wakaendelea kukaa. Badiliko hilo peke yake linaongeza faida ya kasino kwa karibu asilimia 1.4, yaani linafuta sehemu ya kile ambacho Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott walikitafuta kwa mwaka mmoja na nusu. Kiwango cha malipo huandikwa kwenye kitambaa cha meza. Kisome kabla hujavuta kiti, na ukikuta 6 kwa 5, usikae.