Kiharusi na swali lililochelewa miaka mia

Tukizungumzia kiharusi huwa tunataja mkono uliopooza, mguu unaoburuzwa na mdomo uliopinda. Koo tunalisahau. Kumbe takriban nusu ya wagonjwa hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Maji au chakula kinapotea njia na kuingia kwenye mapafu, na nimonia inafuata. Wengine hupaliwa kimyakimya, hata kikohozi hakuna.

Madaktari walilijua hili zamani. Mwaka 1895 Mjerumani Adolf Wallenberg, akifanya kazi Danzig (leo Gdańsk, Poland), alimwandika mwanaume wa miaka 38 aliyepatwa ghafla na kizunguzungu, ganzi na kushindwa kumeza. Alikisia kuwa mshipa wa damu umeziba kwenye shina la ubongo. Mgonjwa alipofariki, uchunguzi wa maiti uliochapishwa 1901 ulionyesha kwamba alikisia sawasawa. Sayansi ilishinda. Mgonjwa je?

Ilibidi tungoje sana. Mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky waliweza kupitisha mrija wa chakula hadi tumboni bila upasuaji mkubwa. Walikuwa na watoto akilini, lakini baadaye ukawa mrija wa wazee wenye kiharusi. Mwaka 1983 Jeri Logemann alitoa kitabu chake juu ya matatizo ya kumeza. Yeye ndiye aliyeeneza kipimo cha kumtazama mgonjwa kwa eksirei huku akimeza chakula kilichochanganywa na bariamu. Sasa kosa la koo likaonekana kwa macho.

Lakini angalia maswali yao: Kipi kimeziba? Tumlishe vipi? Chakula kinapita wapi? Yote ya maana, ila hakuna linalomhusu mtu mwenyewe.

Swali hilo lilikuja karibu na mwaka 2000. Colleen McHorney na wenzake Marekani walikaa na wagonjwa, wakawasikiliza, na kufikia 2002 wakawa na dodoso la maswali 44 liitwalo SWAL-QOL. Unaogopa kupaliwa? Mlo unakuchukua muda gani? Bado una hamu ya kula? Umeacha kwenda kwenye shughuli za watu? Ni maswali ambayo hakuna eksirei inayoweza kuyajibu.

Kwetu swali la mwisho ndilo zito zaidi. Sisi tunakula sinia moja. Mzee anayeletewa uji chumbani peke yake, wakati wenzake wanafuturu barazani, hajapoteza chakula tu. Amepoteza nafasi yake kwenye mkeka. Anashiba, lakini si mwenzetu tena, na mara nyingi hatasema.

Kwa hiyo ukienda kumjulia hali mgonjwa wa kiharusi, muulize anakulaje. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti ikilowa baada ya kumeza, msimlazimishe, mpelekeni akapimwe. Halafu muulize na lile lililochelewa miaka mia: anakula na nani?