Tijara ya Mzigo wa Haraka Katika Nchi ya Marekani

Mwezi wa Machi mwaka 1839, William Harnden, kijana wa Massachusetts aliyekuwa ameacha kazi yake katika kampuni ya reli, alianza kusafiri baina ya Boston na New York, mara kwa garimoshi na mara kwa meli ya moshi, akichukua mkononi mfuko mmoja wa safari, na ndani ya mfuko ule zimo noti za benki, hati za biashara na vifurushi vidogo ambavyo wenyewe walitaka vifike upesi na vifikie mikono ya mtu mwaminifu. Posta ya serikali zama hizo ilichukua barua na magazeti. Mwenye kifurushi alilazimika ama kumsihi abiria, ambaye yamkini hakumjua hata jina, amchukulie amana yake, ama kufunga safari mwenyewe na kuacha duka lake. Harnden aliwaondolea watu mashaka hayo mawili kwa ujira. Hakuwa na meli wala garimoshi wala farasi; rasilmali yake ilikuwa nauli, mfuko, na jina jema ambalo matajiri wa miji miwili walikuwa radhi kuliamini kwa mali yao.

Boston ile ilikuwa jirani ya Salem, bandari ambayo merikebu zake, katika miaka iyo hiyo, zilikuwa zikitia nanga Unguja kuuza nguo ambayo watu wa mwambao waliiita merikani na kununua pembe na sandarusi. Wafanyabiashara wa pande zote mbili za bahari walijua kwamba habari ya bei ikichelewa faida hugeuka hasara, na kwamba mtu wa kuaminiwa na mzigo wa mwenzake ni adimu kuliko mzigo wenyewe.

Nimemtanguliza Harnden kwa sababu leo katika nchi ya Marekani wamo watu wengi ambao, baada ya kazi zao za mchana au katika siku za mapumziko ya juma, huwasha gari moja la mizigo la aina ya vani na kukimbiza shehena ndogo ya mtu aliye na dharura, na watu hao ni warithi wake, wawe wanamjua au hawamjui. Tijara hii haikubuniwa na wenye mali nyingi. Kila mara ilianzishwa na mtu mdogo mwenye chombo kimoja, ikakuzwa na wakubwa hata mlango ukamfungia mtu wa namna ile ile, kisha haja ya watu, na wakati mwingine sheria, ikaufungua mlango tena.

Harnden mwenyewe hakuishi kuyaona matunda. Alifariki mwaka 1845, kabla hajatimiza miaka 35. Lakini Henry Wells, aliyekuwa wakala wake katika mji wa Albany, aliitwaa kazi ile akaisukuma kuelekea magharibi, na mwaka 1850 yeye na William Fargo na wenzao waliunganisha biashara zao wakaunda American Express, na miaka miwili baadaye wakaunda Wells Fargo kwa ajili ya California, nchi iliyokuwa imejaa wachimba dhahabu. Majina haya leo yanajulikana kwa mambo ya fedha, na wengi hawajui kwamba asili yake ni uchukuzi wa vifurushi.

Watu wanapotaja mwendo wa haraka wa zama zile hupenda kuwataja wapanda farasi wa Pony Express, walioanza Aprili 1860 kubeba barua kutoka St. Joseph katika Missouri hadi Sacramento katika California, masafa ya maili zipatazo 1,900, kwa muda wa siku kama 10. Sifa yao ni kubwa kuliko athari yao. Kazi ile haikutimiza miaka miwili, iliwatia wenyewe katika hasara, na Oktoba 1861 waya wa telegrafu ulipounganisha pande mbili za nchi, farasi hawakuwa na la kufanya tena. Mwenye kutaka kuielewa tijara hii asiwatazame sana hao. Awatazame makarani wa stesheni za reli waliopokea vifurushi usiku na mchana kwa miaka 70 iliyofuata bila ya mtu kuwasimulia.

Makampuni ya vifurushi ya reli yalineemeka hata yakawa na nguvu za kuwatesa wateja wao kwa bei, na Bunge, baada ya kulalamikiwa na wakulima na wenye maduka kwa miaka mingi, likairuhusu Posta ichukue vifurushi kuanzia tarehe 1 Januari 1913. Wakati wa vita, mwaka 1918, serikali iliyakusanya makampuni yale yakawa moja, na mwaka 1929 likawa mali ya makampuni ya reli yenyewe kwa jina la Railway Express Agency. Shirika hilo kubwa, lililokuwa na mkono katika karibu kila mji wenye stesheni, lilidhoofika kadiri barabara zilivyotengenezwa na abiria walivyoliacha garimoshi, na mwaka 1975 likafilisika.

Ilhali huko Seattle, mwaka 1907, mvulana wa miaka 19 aitwaye James Casey alikopa dola 100 na, pamoja na mwenzake, akafungua ofisi ya matarishi wa mjini, vijana waliopeleka habari na vifurushi kwa miguu na kwa baiskeli. Gari lao la kwanza, Ford la Model T, walilipata mwaka 1913. Kampuni hiyo ndiyo UPS ya leo. Inafaa kukumbukwa pia kwamba ukubwa wake ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya migongo ya wafanyakazi wa muda mfupi, watu walioajiriwa kwa saa chache za siku kupanga na kupakia vifurushi. Na Agosti 1997 wafanyakazi wapatao 185,000 waligoma kwa siku 15, sababu mojawapo kuu ikiwa ni hao waliofanya kazi kwa muda mfupi na kulipwa ujira wa chini, mpaka kampuni ikakubali kuunda nafasi 10,000 za kazi kamili. Mtu anayeshika kazi ya ziada kwa hiari, kwa gari lake, hawi sawa na yule aliyepewa kazi nusu kwa sababu mwajiri hataki kumpa nzima.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapo ndipo historia hii ilipopinda. Katika miaka ya shida kuu ya uchumi, watu wengi waliokosa kazi walinunua lori kuukuu kwa mkopo wakaingia barabarani, wakashindana kwa kupunguziana bei hata ujira haukutosha mafuta na tairi, na makampuni ya reli nayo yakalia kwamba yanauawa. Bunge likapitisha Sheria ya Uchukuzi wa Magari ya mwaka 1935. Tangu hapo, mtu aliyetaka kuchukua mali ya watu kwa malipo kutoka jimbo moja hadi jingine alipaswa kupata idhini ya Tume ya Biashara baina ya Majimbo, na ili aipate athibitishe kwamba umma unamhitaji. Na waliokuwamo tayari katika njia hiyo walikuwa na haki ya kusimama mbele ya Tume na kumpinga. Kibali kilitaja njia za kupita na aina ya bidhaa, hata mwenye lori aliweza kuruhusiwa kupeleka mzigo mji fulani na kukatazwa kuchukua mwingine katika kurudi. Vibali vyenyewe vikawa mali inayouzwa na kununuliwa kwa thamani kubwa. Mtu mdogo alibakiwa na mianya michache: mazao ya shamba, ambayo sheria iliyaacha huru, na uchukuzi wa ndani ya mji na viunga vyake.

Ni katika mwanya huo wa mwisho, katika mji wa Akron wa jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya matairi, ambamo mwaka 1947 ilizaliwa kampuni ndogo ya uchukuzi wa mjini iliyoitwa Roberts, ambayo baadaye iligeuka kuwa bingwa wa mizigo ya dharura na hatimaye, baada ya kupita mikono kadhaa, ikaingia katika milki ya FedEx.

Hata hivyo nataka kuitendea haki sheria ile ya 1935, kwa sababu waandishi wengi huitaja kwa ubaya wake tu. Ndiyo iliyoipa Tume mamlaka ya kuweka kikomo cha saa ambazo dereva aweza kuendesha kabla ya kupumzika. Mkono uliomfungia mtu mdogo mlango ndio uliolinda usingizi wa dereva na uhai wa waliopita naye njiani.

Tarehe 1 Julai 1980 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria mpya iliyolegeza vifungo hivyo. Mwombaji hakubebeshwa tena mzigo wa kuwashinda wapinzani wake mbele ya Tume, na katika miaka kumi idadi ya wachukuzi waliopewa vibali ilizidi mara mbili. Bei ya uchukuzi ilishuka, makampuni makongwe mengi yakafa, na ujira wa madereva wa kuajiriwa nao ukapungua thamani. Wenye viwanda walipata nafuu, na gharama ya nafuu ile ililipwa na nyumba za watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wakati huo huo viwanda vya magari vya Marekani, vikiwa vimeshindwa na Wajapani sokoni, vilianza kujifunza utaratibu wa Toyota wa kutoweka akiba kubwa ya vipuri, bali kuvipokea karibu na saa ya kutumiwa. Mwaka 1984 Toyota na General Motors walifungua kiwanda cha pamoja Fremont, California, na mwaka 1988 kiwanda cha Toyota cha Georgetown, Kentucky, kikaanza kutoa magari. Ghala zikapungua, na fedha zilizokuwa zimelala humo zikaamka. Lakini asiye na akiba hana pa kukimbilia. Lori likiharibika njiani, au kipuri kikionekana kibovu saa nane za usiku, kazi ya watu maelfu husimama, na kila dakika ya kusimama ni fedha nyingi. Basi msimamizi hatazami tena bei ya uchukuzi, hutafuta gari lililo tayari. Barabara kuu namba 75, inayopita Detroit na kushuka kusini hadi Georgetown na mbele yake, ikawa njia ya magari ya namna hiyo: sanduku moja la vipuri, au mawili, peke yake ndani ya gari zima, bila kuhamishwa kutoka chombo hadi chombo, na dereva hasimami ila kwa mafuta na haja zake.

Kwa shehena kama hiyo lori kubwa ni israfu. Vani, ambayo Ford ilianza kuiuza kwa jina la Econoline kwa mwaka wa 1961, na baadaye ile ndefu ya Kijerumani iitwayo Sprinter iliyoingia Marekani mwaka 2001, hubeba paleti mbili au tatu, hupita njia za mjini kwa wepesi, na haihitaji leseni ya udereva wa malori. Mwenye nayo huweza kujiandikisha chini ya kampuni inayompangia safari, au akachukua kibali chake mwenyewe na kupata mizigo kwa madalali. Bima ya dhima ambayo serikali kuu humtaka awe nayo mwenye kibali cha magari madogo tu ni dola 300,000, na madalali wengi hudai zaidi. Bima ya kawaida ya gari la nyumbani aghalabu haimfai kitu siku ya ajali akiwa na mzigo wa watu. Kwa hesabu, jambo linalowaangusha wanaoanza ni safari ya kurudi bila mzigo: anayelipwa kwa maili za kwenda lazima ahesabu za kurudi pia, la sivyo anakula gari lake mwenyewe bila kujua.

Lipo jambo moja zaidi, na hilo ndilo zito. Sheria za serikali kuu juu ya saa za kuendesha zinashika magari ya mizigo ya kawaida kuanzia uzito wa ratili 10,001, na chombo cha kunukulu saa kilichofanywa lazima Desemba 2017 kinafuata mpaka huo huo. Vani nyingi zimo chini ya mpaka. Kwa hiyo mtu aliyesimama kiwandani tangu asubuhi aweza kupigiwa simu jioni, akapakia, akaendesha maili 500 usiku kucha, na sheria hiyo isimwulize. Mlango uliofunguliwa mwaka 1980 ni mwema, nami siombi ufungwe tena. Lakini naona ni taksiri kubwa kwamba kinga ya usingizi, iliyo njema kuliko yote yaliyotokana na sheria ya 1935, haimfikii yule ambaye kwa tabia ya kazi yake ni mchovu kuliko wote. Kikomo hicho kingepaswa kumfikia kila achukuaye mali ya watu kwa malipo, bila kujali uzito wa gari.

Ndugu zetu wa Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi walioko huko ni wengi katika udereva, na wengine wanaingia katika kazi hii ya vani ili kuongeza pato la nyumba. Nawasihi wakubali mizigo ya siku wasiyofanya kazi nyingine, na dalali akipiga simu usiku baada ya kutwa nzima ya kazi, wamwambie hapana, hata akipandisha bei.