Beseni la lengalenga na ada ya Septemba

Chuoni tulifundishwa kwamba biashara ya mboga ya mama zetu ni "isiyo rasmi", kama kusema haina mpango. Mimi, mtoto wa familia iliyotoka Pweto na kukaa Katuba, hapa Lubumbashi, naona iko na mpango wake: majira na ukoo.

Tuanzie kwenye kampuni. Union Minière iliundwa 1906, mji ukazaliwa 1910. Mfanyakazi alipokea mshahara pamoja na posho ya unga. Mama alilima kabustani, lakini nguzo ya nyumba ilikuwa kampuni, hata ilipogeuka Gécamines. Halafu nguzo ikavunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika 50,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari. Kwa nyumba nyingi, beseni la lengalenga likawa ndiyo mshahara.

Sasa angalia majira. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua inanyesha, na kila kiwanja kina majani: lengalenga, matembele, sombe, majani ya maboga. Bei inaanguka. Kuanzia Mei mvua inakatika, na mboga inabaki bondeni tu, karibu na maji, kama kule Kafubu. Bei inapanda mpaka mvua irudi. Na shule zinafunguliwa Septemba, katikati ya ukavu! Basi mwenye mboga ya kiangazi ndiye mwenye ada.

Nani anaipata? Hapo ukoo unaingia. Mwenye kaka au mkwe mwenye matuta bondeni anachukua mboga asubuhi kwa deni, analipa jioni. Watoto wa dada wanamwagilia. Asiye na mtu ananunua kwa mchuuzi, bei imeshapanda. Mwisho wa mwaka 2000 vita vilipofika Pweto, watu wengi walivuka kwenda Zambia. Mama yangu mukubwa alikuja huku, bila ndugu bondeni. Alikuwa anasema: "Mboga ya kiangazi iko na mwenyewe." Miaka mitatu aliuza wakati wa mvua tu. Tuta la kwanza alilipata binti yake alipoolewa na kijana wa Kafubu. Mwaka ule ndipo watoto wake walianza shule siku moja na wenzao.

Ndugu zangu, leo mabonde yale yanakatwa viwanja vya kujenga. Tuta likigeuka nyumba, kiangazi kitarudi kila mwaka, lakini mkwe hatakuwa na kitu cha kukopesha. Wengi wanaolima pale hawana karatasi. Haki yao inajulikana kwa midomo ya wazee tu. Kati yetu kuna wanasheria, waagronomia, watu wa historia. Twende tuandike nani analima wapi, na alipewa na nani, kabla wazee hawajaondoka.