Rili ya Mtu Asiye na Mashua

Mlalo hakuna bahari. Anayeitaka bahari sharti apande basi, apite Lushoto, ashuke zile kona mpaka Mombo, kisha Korogwe, kisha Muheza, ndipo aione Tanga akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kwa hiyo najua washikaji wa kijiweni wataniuliza: wewe mtu wa milimani una habari gani na rili, kile kidude cha kukunjia mshipi wa samaki? Subirini kwanza, jamani. Maji ya kwetu yanakwenda baharini. Mto Umba unaanzia huku Usambara, unateremka nyikani, unavuka mpaka wa Kenya na kujimwaga Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Maji hayaulizwi ukoo wake yakifika pwani. Na fikra zisiulizwe.

Hoja yangu ni hii: mabadiliko makubwa katika historia ya rili yameletwa na mtu asiye na mashua. Mwenye mashua humfuata samaki aliko. Anashusha mshipi chini ya ubavu wa chombo, chubwi la risasi linazama lenyewe, kazi imekwisha. Lakini aliyesimama mwambani au mchangani, maji yakimpiga magotini, ana shida moja kubwa kuliko zote: samaki yuko kule, yeye yuko huku. Itabidi chambo kiruke. Shida hiyo ndiyo iliyomfanya binadamu akune kichwa.

Tuanze mbali. Picha ya zamani sana inayoonyesha rili ilichorwa China na Ma Yuan, mnamo mwaka 1195. Ndani yake yumo mzee peke yake katika mtumbwi, ziwa limetulia. Rili yake ni gurudumu dogo la kutunzia mshipi tu, basi. Uingereza, Thomas Barker alikitaja chombo cha namna hiyo katika kitabu chake cha uvuvi mwaka 1651. Karne ya 19 ikaleta rili za mbao za Nottingham, mji uliojulikana kwa viwanda vya lesi. Zilikuwa nyepesi, zinazunguka vizuri, zina misumari na vyuma vya shaba nyeupe. Lakini zilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukirusha chambo, mshipi ni lazima uvute gurudumu lizunguke. Mwanzo gurudumu zito linagoma, chambo hakifiki mbali. Likishachanganya, halitaki kusimama. Chambo kimetua majini nalo bado linatema mshipi. Unabaki na fundo kubwa mkononi kama nywele za mtu aliyeamka.

Mskoti mmoja, Peter Malloch wa mji wa Perth, alipata dawa mwaka 1884. Aliigeuza rili ubavu. Wakati wa kurusha, uso wa gurudumu unatazama mbele, mshipi unachomoka pembeni mwa gurudumu bila gurudumu lenyewe kuzunguka. Wakati wa kukunja unaigeuza irudi mahali pake. Wazo hilo likavuka bahari. Mwaka 1920, huko Brisbane, Australia, mhamiaji kutoka Uingereza aitwaye Charles Alvey alianza kutengeneza rili za ubavu, na zikawa chombo cha wavuvi wa ufukweni kabisa, watu wa mawimbi na mchanga. Jina lake lilikaa juu ya rili hizo karibu karne nzima.

Katikati ya hao wawili ndipo alipotokea Alfred Holden Illingworth, mtu wa viwanda vya sufi vya Bradford. Kiwandani aliona kila siku namna uzi unavyochomoka kwenye ncha ya bobini iliyosimama tuli. Mwaka 1905 akajiandikishia hati ya uvumbuzi: rili ambayo bobini yake haizunguki kabisa, mshipi unatoka kwa ncha wakati wa kurusha, na unakunjwa na mkono mdogo unaoizunguka. Karibu kila rili ya kisasa unayoiona leo ufukweni, ya Mjapani au ya Mchina, ni mjukuu wa ile.

Sasa, ndugu msomaji, simama hapo hapo kwenye mwaka 1905. Mwaka huo reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya milima yetu. Mwaka huo Ewart Grogan alipandikiza samaki wa baridi waitwao trout katika mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua kama wa kwao. Na mwezi Julai mwaka huo huo, Wamatumbi waling'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa kuilima, Vita vya Maji Maji vikaanza. Bobini ya Illingworth ilikuwa ya sufi, si ya pamba, sitaki kuchanganya mambo. Ila njaa ya viwanda vya nguo vya Ulaya ilikuwa ni njaa moja. Upande mmoja wa dunia uzi unampa bwana mmoja wazo la burudani. Upande mwingine uzi unawapa watu viboko. Historia ya kitu kidogo ndivyo ilivyo: ukiivuta, inakuja na mengi.

Na ukivuta zaidi inafika Mlalo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao hapa mwaka 1891, wakapaita Hohenfriedeberg. Tangu siku hizo milima hii imepokea mashine za watu: vyerehani, saa za ukutani, taa, misumeno. Wenyewe waliondoka, mashine zikabaki na mafundi wetu. Na kumbuka rili haikutoka mbali na mashine hizo. Kule Svängsta, Sweden, kampuni ya ABU, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa ikitengeneza saa na mita za teksi kabla ya vita kuwasukuma kwenye rili. Rili za Mitchell za Ufaransa zilitoka Cluses, bonde la mafundi saa. Kwa maneno mengine, fundi saa na fundi cherehani wa Lushoto ni ndugu wa damu wa rili. Mpe kidude hicho, atakifungua bila kuuliza kinaitwaje.

Basi tukifungue. Ukipata rili kuukuu, usianze na msasa. Anza na kalamu. Chora kila kipande kabla hujakitoa, upange vipande kwenye kitambaa kwa mfuatano uliovitoa. Bisibisi iwe ya saizi yake, maana kichwa cha skurubu kikishaliwa ndiyo kwaheri. Skurubu ikigoma, idondoshee mafuta ya taa, lala, kesho itakuwa na adabu. Grisi ya zamani huganda ikawa kama gundi. Mafuta ya taa na mswaki uliochoka vinaitoa. Shaba husafishwa kwa ndimu na chumvi kidogo, kisha ioshwe vizuri na kukaushwa. Lakini yale maandishi ya kiwanda na ule weusi wa mikono ya watu usiviondoe. Kung'aa si ndiyo uzima.

Halafu kuna maadui wa pwani. Wa kwanza ni chumvi: alumini ikigusana na shaba ndani ya maji ya bahari, alumini inaliwa. Kwa hiyo kila safari rili ioshwe kwa maji baridi na kupakwa grisi upya. Wa pili ni maji yenyewe: rili ya mbao hunywa maji, ikavimba, ikakwama. Wa tatu anashangaza, ni nailoni. Wavuvi wa zamani walitumia mishipi ya hariri na kitani, iliyotakiwa kuanikwa kila baada ya kazi la sivyo inaoza. Nailoni, iliyotangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, haiozi namna hiyo. Ila inavutika. Ikikunjwa wakati samaki anapigana, inajifinya kwenye bobini raundi mamia, na bobini ya kale ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo inaweza kupasuka. Wajuzi hutanguliza tabaka la uzi laini chini yake, uwe godoro.

Kukarabati ni huko. Kubadilisha ni hatua nyingine. Mvuvi wa ufukweni atataka breki inayoshika: washa za ngozi zilizokauka zitolewe, ziwekwe mpya. Atataka beringi badala ya bushi zilizolika, na mkono mrefu zaidi wa kukunjia. Fundi jasiri anaweza hata kuifungia rili ya Nottingham kibao kinachozunguka, aigeuze ubavu kama alivyofanya Malloch. Ila ajue gharama yake: mshipi ulioingia kwa gurudumu kuzunguka, ukatoka kwa ncha bila gurudumu kuzunguka, unajisokota kila unaporusha. Bila kiungo kinachozunguka karibu na ndoana, utajikunja wote.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Wapo wanaosema kitu cha kale kisiguswe, kiwekwe kabatini. Wapo wanaosema toboa, kata, paka rangi, mradi kivue kolekole. Mimi nasema wote wawili wanaua. Wa kwanza anaua kazi, maana rili isiyolowa ni pambo tu la sebule. Wa pili anaua ushahidi, maana akishatoboa hakuna atakayejua ilikuwaje. Sheria nzuri ni moja: badilisha kile kinachoweza kurudishwa. Vipande vya asili viweke kwenye kopo pamoja na ile michoro yako, na uandike nani aliigusa na lini.

Nani aliigusa! Hilo ndilo linaloniuma. Jina la kiwanda limechongwa kwenye chuma. Jina la mwenye hati ya uvumbuzi limo vitabuni. Hemingway akivua Malindi mwaka 1934, tunaambiwa mpaka leo. Lakini fundi aliyeikereza bushi mpya ili rili iishi miaka thelathini mingine, huyo hana jina. Na kuna mwingine. Nenda pwani yoyote ya Waswahili, utamwona kijana asiye na rili wala ufito. Ana mshipi aliouzungushia chupa. Anaizungusha ndoana na chubwi hewani mara mbili tatu, anaachia, huku chupa ameielekeza baharini. Mshipi unachomoka kwenye ncha ya chupa, na chupa haizunguki. Akimaliza anaukunja kwa kuuzungushia chupa, raundi kwa raundi, na msokoto unajifuta wenyewe. Acha bwana! Hiyo ni hesabu ile ile ya Bradford ya mwaka 1905, bila kiwanda, bila hati, bila senti tano.

Sisemi Illingworth alimwibia mtu. Sisemi pia kwamba kijana wa chupa alimwiga Illingworth. Shida moja huzaa akili moja kwa watu wasiojuana. Tofauti ni kwamba mmoja aliandika.

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaotafuta cha kuandika, na mnaolalamika kwamba historia yetu imekwisha andikwa na watu wengine: nendeni kwa fundi. Kaeni kwenye lile benchi lake bovu. Muulizeni kila mashine iliyo mbele yake ilitoka wapi, imevunjika mara ngapi, kipande gani alikitengeneza mwenyewe kwa sababu cha dukani hakikuwepo. Andikeni jina lake na mwaka. Kopo la vipande bila karatasi ndani yake, mtoto wa kesho ataliuza kama chuma chakavu.