Zumaridi ya Sumbawanga

Zumaridi ya Sumbawanga ni kito cha kijani kilichojulikana sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980, kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Kabla yake, zumaridi ya Tanzania iliyofahamika zaidi ilikuwa ile ya Ziwa Manyara.

Kito hiki ni aina ya berili. Berili safi haina rangi. Ukijani huletwa na chembe za kromi, pengine pamoja na vanadi. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni 7.5 hadi 8. Uadimu wake unatokana na kuzaliwa kwake: berilia, elementi inayounda berili, huja na majimaji ya moto ya miamba ya jamii ya itale, ilhali kromi hukaa katika miamba mizito myeusi, na miamba hiyo miwili hukutana mahali pachache. Inapokutana, hufanyika tabaka la ulanga mweusi, na humo hukua fuwele zenye pande sita. Ndiyo maana mchimbaji mwenye uzoefu huandama ulanga kabla hajaona kijani chochote.

Kijiji cha Muze kiko bondeni, chini ya kingo za Ufipa, na mito hushuka huko kutoka uwandani kwenye zumaridi. Hata hivyo, kuchekecha mchanga wa mto kwa kutafuta zumaridi ni kazi yenye matumaini madogo. Uzito wa zumaridi ni kama mara 2.7 ya maji, karibu sawa na mchanga wa kawaida, basi maji hayaitengi kama yanavyotenga dhahabu. Tena nyufa zake huifanya ivunjike ikigongana na mawe njiani. Kito hiki hutafutwa kwenye mwamba wake.

Thamani hupimwa kwanza kwa rangi: kijani kilichokolea bila kuelekea weusi. Kisha hutazamwa uangavu. Zumaridi karibu zote zina nyufa na vipande vya ulanga ndani; bonge kubwa linalovutia mkononi laweza kutoa jiwe dogo tu baada ya kukatwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo mchimbaji mdogo hupunjwa zaidi, kwa kuwa huuza ghafi kwa dalali mwenye lenzi wakati yeye hana. Mafunzo ya ukataji yanayotolewa na Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha, yanastahili kufika Sumbawanga.

Ni desturi duniani kote kujaza nyufa za zumaridi kwa mafuta au utomvu ili zisionekane. Si kosa, mradi muuzaji aseme. Jiwe la namna hiyo lioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini. Mvuke na mashine za mtetemo huyatoa mafuta, na nyufa hujitokeza upya.