Kugawa Maneno ya Kiingereza: Sauti na Maana

Mtoto afundishwaye kusoma Kiingereza hukutana mapema na neno refu asiloweza kulitamka kwa mara moja. Dawa ya walimu tangu zamani ni kulikata vipande. Lakini likatwe wapi? Juu ya swali hili walimu wa karne ya 18 walihitilafiana.

Katika mwaka 1740 Thomas Dilworth alitoa kitabu cha tahajia kilichoenea sana Uingereza na katika makoloni yake ya Amerika. Kwa desturi ya wakati ule, konsonanti ziwezazo kuanzisha neno zilitiwa katika silabi ifuatayo: ha-bit, clu-ster, no-stril, bi-shop. Mwisho -tion ulihesabiwa silabi mbili, hata neno sal-va-ti-on likawa na silabi nne kitabuni na tatu mdomoni.

Noah Webster, mwalimu wa Connecticut, aliyapinga hayo katika kitabu chake kilichopigwa chapa Hartford mwaka 1783, mwaka uleule wa mkataba uliomaliza vita vya uhuru wa Marekani. Alishikilia kwamba neno ligawanywe kama linavyosemwa: hab-it, clus-ter, nos-tril, bish-op, na -tion iwe silabi moja.

Kwa msomaji mchanga njia ya Webster ni nyepesi zaidi. Hata hivyo, sauti si maana. Nostril latokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale, nosu, yaani pua, na thyrel, yaani tundu. Hapa mkato wa Webster waangukia penye kiungo cha maana. Bishop latoka katika Kiyunani episkopos: epi, juu ya, na skopos, mtazamaji, hapa mkato wa kale ndio uliokipata kiungo. Yote mawili yalitokea kwa bahati. Katika salvation, mzizi wa Kilatini salv-, wenye maana ya uzima, umevunjwa na pande zote mbili.

Kiswahili nacho chashuhudia hivyo. Mwanafunzi husoma so-ma, lakini mzizi ni -som-, nao waikata silabi ya pili katikati. Na askofu, ambalo ni episkopos lilelile lililopitia Kiarabu, halina tena kiungo ambacho msemaji aweza kukitambua.

Basi mwalimu atakaye matamshi na agawe kwa silabi. Atakaye maana na agawe kwa mizizi na viambishi. Akizichanganya kanuni hizi mbili, mwanafunzi hapati matamshi wala maana.